Je, mrithi anaweza kumsahihisha mwanzilishi?



Jumapili iliyopita tulisoma 2 Wafalme 18, na baada ya ibada ya pili watu kadhaa walinishika pale mlangoni kuhusu mstari wa nne. Hezekia anaingia madarakani akiwa na miaka 25, anasafisha nchi, anaondoa mahali pa juu, anavunja nguzo. Hapo hakuna mtu ana shida. Shida ni kile kitu kingine alichovunja: nyoka wa shaba. Huyo hakutengenezwa na makuhani wa Baali. Alitengenezwa na Musa, kwa amri ya Mungu mwenyewe, Hesabu 21, na watu walioumwa na nyoka jangwani walimtazama wakapona. Miaka mingi baadaye watu wanamfukizia uvumba, na Hezekia anampasua vipande vipande.

Dada mmoja wa ushirika wa Loresho akaniuliza, "Pasta, lakini huyo Hezekia nani alimpa ruhusa? Hiyo ilikuwa kazi ya Musa."

Swali zuri sana. Na si swali la enzi za wafalme peke yake. Mwezi ujao tuna mkutano mkuu wa mwaka, rasimu ya katiba iko mikononi mwenu, na kila mtu anajua ni kifungu gani kinachozungumziwa kule kwenye maegesho baada ya ibada. Baada ya Askofu, nani? Na huyo atakayekuja, je, ataruhusiwa kugusa mafundisho tuliyolelewa nayo, au kazi yake ni kulinda tu? Mimi ni pasta msaidizi, kwa hivyo nikiandika juu ya mambo haya mtu atasema napigia kiti debe. Sawa. Askofu ameisoma makala hii kabla yenu na amesema ichapishwe. Tuendelee.

Wengi wenu mmewaona watu wa African Israel Nineveh Church wakipita mitaani, kanzu nyeupe, vilemba, bendera mbele, ngoma, wimbo mmoja kutoka mwanzo wa barabara mpaka mwisho. Wengine wetu tukiwa kwenye gari tunapandisha kioo tunatabasamu. Tusitabasamu hivyo, kwa sababu hao ni jamaa zetu wa karibu. Paul David Zakayo Kivuli, aliyelianzisha kanisa hilo mwaka wa 1942, alitoka kwenye misheni ya Wapentekoste wa Kanada pale Nyang'ori, Magharibi mwa Kenya, misheni ile ile iliyozaa Pentecostal Assemblies of God ya Kenya. Mwaka wa 1932 alipata ujazo wa Roho Mtakatifu, akaanza kuhubiri na kuombea wagonjwa, na miaka kumi baadaye akawa na kanisa lake. Boma lake kule Jebrok likaitwa Nineveh, ule mji wa Yona uliotubu. Walitubu dhambi hadharani, Ijumaa ikawa siku takatifu kwa sababu ni siku aliyosulubiwa Bwana, pombe marufuku, tumbaku marufuku, nyama ya nguruwe marufuku. Wasomi F. B. Welbourn na Bethwell Ogot waliliandikia kitabu, pamoja na kanisa lingine la Magharibi, mwaka wa 1966. Makanisa ya kimisheni hayakujua yalichukulie vipi kanisa kama hilo. Ni Wakristo? Ni siasa? Ni kelele tu?

Kivuli akafariki mwaka wa 1974. Sasa hapa ndipo mambo huharibika. Legio Maria wamesumbuana sana juu ya nani ni papa wao halali tangu Simeo Ondetto alipofariki mwaka wa 1991. Lakini Nineveh uongozi ulikwenda kwa mjane wa mwanzilishi, Mama Rabecca Jumba Kivuli. Mwanamke akaongoza dhehebu zima Kenya hii katika miaka ya 1970, wakati makanisa mengi ya mjini yalikuwa bado yanabishana kama dada anaweza kusimama madhabahuni. Mwaka wa 1975 kanisa likapokelewa kwenye Baraza la Makanisa Ulimwenguni, mwaka ule ule ambao Baraza lilifanya mkutano wake mkuu hapa Nairobi, KICC. Na mwaka wa 1983 Mama Rabecca akastaafu.

Hebu soma tena neno hilo polepole. Alistaafu. Hakungoja mazishi. Akakabidhi akiwa hai, anaona, anaweza kuulizwa. Aliyepokea ni mjukuu wa mwanzilishi, John Mweresa Kivuli II, aliyekwenda kusoma theolojia na baadaye akaandika waziwazi kuhusu kulifanya kanisa la babu yake liendane na wakati. Babu aliitwa Kuhani Mkuu. Mjukuu akaitwa Askofu Mkuu. Mtu anaweza kusema ni jina tu, lakini anayesoma Waebrania anajua Kuhani Mkuu tuliye naye ni mmoja na hahitaji msaidizi, na mimi nalifurahia badiliko hilo kuliko mabadiliko mengi yenye makelele. Kanzu zikabaki. Ngoma zikabaki. Maandamano bado yapo, unayaona mwenyewe.

Najua swali litakalofuata, kwa sababu hata mimi nililiuliza: mjane, kisha mjukuu, hiyo si kampuni ya familia? Nilipokuwa nasomea biashara, mhadhiri wetu alipenda kusema kwamba wa kwanza hujenga, wa pili hula, wa tatu huuza. Na Samweli, mtu wa Mungu kabisa, aliwaweka wanawe kuwa waamuzi na wakala rushwa, 1 Samweli 8. Kwa hivyo mimi si shabiki wa kurithi kwa damu. Napenda zaidi njia ya jirani zetu wa Valley Road, CITAM, ambako uongozi umetoka kwa Boniface Adoyo ukaenda kwa David Oginde, kisha kwa Calisto Odede, na hakuna aliyekuwa mtoto wa mwenzake, na aliyetoka hakutoka kwenye jeneza. Lakini haki yao wapewe watu wa Nineveh. Damu ilitumika, ndiyo, lakini mkono uliokabidhi ulikuwa bado na nguvu ya kukataa. Kuna makanisa yenye katiba nzuri iliyopigwa muhuri na Msajili wa Vyama ambayo hayajawahi kufanya hata hilo.

Hiyo ni nusu ya jambo, nusu rahisi. Nusu ngumu ni pale mrithi anapofungua Biblia na kugundua kwamba jina si tatizo. Mafundisho yenyewe hayakukaa sawa.

Kwa hilo sina budi kuvuka bahari. Baadhi ya wazee wetu wanakumbuka jarida la bure lililokuwa likija kwa posta, The Plain Truth. Lilikuwa la Herbert W. Armstrong wa Pasadena, California, mwanzilishi wa Worldwide Church of God. Miaka ya 1980 lilikuwa linachapishwa kwa mamilioni ya nakala. Armstrong alifundisha kwamba hakuna Utatu, kwamba Sabato ya Jumamosi na sikukuu za Walawi ni lazima, kwamba Krismasi ni upagani. Waumini walitoa fungu la kumi, wakaweka fungu la pili kwa ajili ya kwenda sikukuu, na katika miaka fulani fungu la tatu. Tena alifundisha kwamba Waingereza na Wamarekani ndio makabila yaliyopotea ya Israeli, wenye haki ya mzaliwa wa kwanza. (Ukifikiria kwamba miaka hiyo hiyo kule Jebrok Mwafrika alikuwa amelipa kanisa lake jina la Israel bila kuomba ruhusa kwa mtu, unacheka kidogo.)

Armstrong alifariki Januari 1986 akiwa na miaka 93. Mwanawe aliyetarajiwa kurithi alikuwa amefukuzwa mwaka wa 1978. Siku chache tu kabla ya kifo chake Armstrong akamteua Joseph Tkach. Na huyu Tkach, mtu ambaye wengi walimwona ni mlinzi wa maktaba tu, akaanza kuuliza maswali. Fundisho moja likalegezwa, kisha lingine. Desemba 1994 akasimama akahubiri kwamba Wakristo hawako chini ya Agano la Kale, kwamba Sabato na mafungu ya lazima si sharti la wokovu. Kanisa likakubali Utatu. Mwaka wa 1997 likapokelewa kwenye umoja wa makanisa ya kiinjili ya Marekani, na leo linaitwa Grace Communion International.

Sisi Wapentekoste tukisikia hivyo tunapiga makofi. Lakini ngoja. Karibu nusu ya watu waliondoka. Mapato yaliyokuwa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka yakaporomoka, wafanyakazi wakaachishwa kazi, majengo ya Pasadena yakauzwa. Makundi mapya yakazaliwa, kila moja likisema ndilo linalomfuata Armstrong wa kweli. Tkach mwenyewe akafariki kwa saratani Septemba 1995, na kiti kikaenda kwa mwanawe. Na kanisa likaishia kortini kuzuia kikundi kimoja kisichapishe kitabu cha mwisho cha mwanzilishi, Mystery of the Ages. Walikuwa na haki miliki kisheria. Mwaka wa 2003 wakamaliza kesi kwa kuwauzia hao waliowashtaki. Bado mimi naona ajabu, kanisa kutumia sheria ya hakimiliki kuficha mahubiri ya baba yake. Kama ni uongo, ujibu kwa ukweli, si kwa wakili.

Sasa swali la kimaadili. Wale walioondoka walikuwa na hoja, na hoja yao si ya kijinga. Walisema: majengo haya, hizi redio, hizi mashine za kuchapa, zilinunuliwa kwa pesa za watu walioamini fundisho A. Wewe Tkach kama umeanza kuamini fundisho B, ni haki yako, lakini toka uende ukaanzishe kanisa lako na pesa zako. Kwa lugha ya darasani kwetu: umechukua pesa za mteja kwa bidhaa moja, ukampelekea nyingine. Hapa mjini tunaliita jambo hilo kwa jina lake.

Jibu la kawaida la mapasta ni kwamba sadaka hutolewa kwa Mungu, si kwa fundisho, na kanisa mwenye mali ni Kristo. Ni kweli. Lakini jibu hilo ni upanga wenye makali kuwili, kwa sababu kila dikteta wa madhabahuni hulitumia. "Mimi nawajibika kwa Kristo tu." Mwaka wa 2023 nchi hii ilifukua zaidi ya miili 400 kule Shakahola, na mzizi mmoja wa yale ulikuwa kwamba hakukuwa na mtu ndani aliyeweza kumwambia mhubiri, hapo umekosea. Kwa hivyo tusikimbilie kusema mali ni ya Kristo kana kwamba tumemaliza hesabu. Mwenye mali akiwa mbali, mdhamini ndiye anayebanwa zaidi.

Mimi naamini Tkach alikuwa na haki ya kubadilisha. Zaidi ya haki, alilazimika. Mtu aliyepewa kulisha watu, akigundua chakula kina sumu, hawezi kusema "lakini mapishi haya ni ya marehemu." Kunyamaza angekuwa mnafiki. Kuondoka kimya kimya angewaacha watu mezani. Musa angekuwepo siku ya Hezekia, nadhani angeshika nyundo. Uaminifu kwa mwanzilishi ni uaminifu kwa kile alichokuwa anakitafuta, na kama alimtafuta Mungu kweli, hawezi kukasirika tukimkaribia Mungu kuliko alivyokaribia yeye. Kama hakumtafuta Mungu, basi hasira yake haituhusu.

Lakini kuna jambo linanisumbua kwenye habari ya Tkach, na ndilo linatuhusu. Armstrong alijenga kanisa ambalo mtu mmoja juu akisema, wote chini wanatii. Tkach alitumia kiti hicho hicho, kwa nguvu hiyo hiyo, kuwaambia watu sasa mko huru. Wakawekwa huru kwa amri. Watu waliozoezwa miaka 40 wasifikiri wakaambiwa ndani ya miezi michache wafikiri upya kila kitu. Ndio maana sishangai nusu waliondoka. Nashangaa nusu walibaki.

Linganisha na Matendo 15. Jambo lilikuwa zito kuliko Sabato, lilikuwa tohara, agano la Ibrahimu. Petro hakutoa tamko kutoka ofisini. Walikaa, wakahojiana sana, Petro akasema, Barnaba na Paulo wakatoa ushuhuda, Yakobo akafungua manabii, kanisa zima likahusishwa, ndipo barua ikaandikwa. Na ndani ya barua hiyo kuna mstari wa 24 ambao huwa tunaupita mbio. Wanakiri kwamba watu waliotoka kwao ndio waliowasumbua ndugu wa Mataifa kwa maneno yao. Kabla ya kusema fundisho jipya, wanasema nani aliumizwa.

Kwa sababu fundisho la zamani halikukaa hewani. Kule Pasadena, mpaka mwaka wa 1974, aliyeoa baada ya talaka aliambiwa avunje ndoa yake ili abatizwe. Familia zilitenganishwa. Kulikuwa na watu waliokataa daktari kwa sababu kanisa liliwafundisha hivyo. Ukibadilisha fundisho kesho, hao hawarudishiwi ndoa, hawarudishiwi mtoto. Kwa hiyo mwaka wa 1996 Tkach mdogo aliandika kwenye The Plain Truth akiomba msamaha kwa waliokuwa waumini na kwa wengine walioumizwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo kurasa yenye thamani kuliko nakala zote za lile jarida.

Sasa njooni hapa Spring Valley. Sisi pia tumebadilisha mafundisho, ila hatukumwambia mtu. Wenye umri wangu wanakumbuka kwa mbali, wazazi wetu wanakumbuka vizuri: dada aliyevaa suruali hakupewa Meza ya Bwana. Hereni zilikuwa dhambi. Kuna mama katika kanisa hili ambaye hakwenda harusi ya binti yake kwa sababu bibi harusi alisuka nywele na kuvaa mkufu, na alifanya hivyo kwa utiifu, kwa machozi, kwa sababu tulimfundisha. Leo kiongozi wa sifa anasimama mbele na hereni na sote tunainua mikono. Je, ni Roho aliyetufundisha zaidi, au ni mji tu umetuzunguka tukachoka kubishana? Hakuna mahubiri yaliyohubiriwa siku ile tulipobadilika. Hakukuwa na siku. Mabadiliko ya kimya hayapotezi washirika, hesabu ya sadaka haishuki hata kidogo, na kwa macho ya biashara ni mpango mzuri sana. Lakini yule mama yuko kiti cha nne kutoka mbele, na kila Jumapili anatazama hereni hizo, na hakuna aliyewahi kumwambia kama alitii Mungu au alitii sisi.

Ndiyo maana nataka rasimu ya katiba isomwe kwa macho mawili. Wengi mnasoma kile kifungu cha umri wa kustaafu na muda wa kuhudumu, na kusema kweli hicho nakiunga mkono bila maneno mengi. Rasimu imempa Askofu nafasi ya kukabidhi akiwa bado na sauti, na yeye ndiye aliyeomba iwekwe. Someni pia kifungu kinachofuata, kile kifupi, kinachosema kwamba badiliko lolote la mafundisho litaletwa kwa wazee, kisha kwa kanisa, kwa maandishi, pamoja na maandiko yaliyotumika, na litahubiriwa madhabahuni siku litakapopitishwa. Kuna wanaosema kinachelewesha kazi. Ndiyo, kinachelewesha. Mwanzilishi akiweka kifungu kama hicho akiwa hai, anampa mrithi wake kitu ambacho Armstrong hakumpa Tkach, yaani ruhusa ya kumsahihisha na njia ya kufanya hivyo bila kuliangusha kanisa. Baada ya mazishi ruhusa hiyo haina mtu wa kuitoa.

Askofu alipomaliza kusoma rasimu ya makala hii alinirudishia na swali moja ameandika pembeni kwa kalamu: "Na wale wa suruali?" Tulikaa na wazee Alhamisi usiku. Kitabu cha nidhamu cha miaka hiyo bado kiko kabatini ofisini, jalada jekundu, majina yameandikwa kwa mkono. Wamekubali kifunguliwe kabla ya mkutano mkuu, na kila aliye hai kwenye orodha hiyo apigiwe simu, hata kama siku hizi anaabudu kwingine au haabudu popote. Baadhi walihama mjini, wengine namba zilibadilika. Ukimjua mmoja wao, mwachie katibu wa kanisa namba yake kabla ya Jumapili ijayo.